Fitingi Njema Hujulikana kwa Kitako

Wajenzi wengi wa kompyuta za kupozwa kwa maji hutafakari sana juu ya prosesa na kadi ya picha, kisha fitingi, viungio vya mabomba yake, huzichagua kwa rangi. Ni kosa la gharama kubwa, maana fitingi ndiyo inayoyazuia maji yasimwagikie ubao mama. Ubora wake unaonekana kwa macho na kwa ukucha, ukijua pa kutazama.

Anza na uzi. Karibu bloku, rejeta na pampu zote za kompyuta zinazouzwa leo zina matundu ya G1/4. Robo inchi hiyo usiitafute kwa rula, kwani dume lake lina kipenyo cha milimita 13.157, zaidi ya nusu inchi. Jina limerithiwa kutoka mabomba ya chuma ya Uingereza, yaliyoitwa kwa upana wa tundu la ndani huku uzi ukichongwa nje. Pembe ya meno ni ile ya digrii 55 aliyoipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841, na meno ni 19 kwa kila inchi. Robo inchi ya Kimarekani, NPT, ina digrii 60, meno 18, na mwili unaochongoka kuelekea ncha. Hizi mbili zitashikana kidogo, kisha zitagoma. Zikigoma, acha. Fitingi sahihi huingia kwa vidole hadi mwisho.

Vifaa vya mabomba vya madukani kwetu, Dar es Salaam hata Nairobi, ni vya ukoo huohuo wa Kiingereza, kwa hiyo fitingi ya fundi bomba inaweza kukushawishi. Jihadhari nayo. Dume lake mara nyingi limechongoka, na huziba maji kwa kujikaza pamoja na tepu nyeupe. Kwenye bloku ya akriliki litakuwa kabari, na akriliki itapasuka. Uzi wa kompyuta umenyooka: kazi yake ni kushika tu. Kinachoziba ni oringi, pete ya mpira, na tepu haina kazi hapa.

Ndiyo maana mimi huigeuza fitingi na kukitazama kitako chake kwanza. Oringi ikae ndani ya mfereji, ijitokeze kidogo, sawasawa pande zote, na isidondoke ukiitikisa. Kitako kiwe bapa. Pitisha ukucha ukingoni mwa mfereji. Ukikwaruzwa na chembe ya chuma, rudisha fitingi hiyo dukani, maana chembe hiyo itaukata mpira. Tazama pia urefu wa uzi: ukizidi kina cha tundu, ncha hugota ndani na kitako hakigusi bloku kamwe, hata ukaze vipi. Katika rejeta fulani ncha hiyo huweza kutoboa mkondo wa maji. Mwili uwe wa shaba ya manjano iliyopakwa nikeli. Alumini ni nyepesi na rahisi, lakini ikikutana na shaba nyekundu ya bloku ndani ya maji yaleyale, italika.

Vipimo vya bomba vina desturi mbili. Bomba laini hutajwa kwa kipenyo cha ndani na cha nje, kwa milimita: 10/13, 10/16, 13/19. Fitingi ya kubana hutaka vyote viwili. Nati ya 10/13 haitapita juu ya bomba la 10/16, na nati ya 10/16 italiacha la 10/13 likilegea, ingawa shina la ndani ni lilelile. Mimi napendelea 10/16, kwa sababu ukuta wake mnene haukunjiki upesi kwenye kona. Bomba gumu hutajwa kwa kipenyo cha nje pekee, 12, 14 au 16, na hapo hakuna kukadiria: oringi hulikumbatia kwa nje, na la 14 halihusiani na fitingi ya 16. Ukilikata, lainisha ukingo kwa msasa kabla ya kulisukuma ndani, kwani ukingo mkali hukata oringi mahali ambapo hutaona mpaka ujaze maji.