Sifa za Shahidi Bingwa
Miongoni mwa sanaa zisizosifiwa kwa kadiri ya stahili yake ni ile ya bingwa aitwaye kizimbani kutoa ushahidi, ambaye kwa muda wa saa chache hana budi kuwafikishia watu wa kawaida, walioacha mashamba na maduka yao ili waje kuamua, ilimu aliyoichuma kwa miaka mingi. Wala haitoshi wamsadiki, maana hata mwongo husadikiwa, ila yapasa waone kwa macho yao kile akionacho yeye.

Sijapata kusoma habari za mtu aliyeitimiza sanaa hiyo kumpita Arthur Koehler, mjuzi wa mbao kutoka maabara ya serikali ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Wisconsin, nchini Marekani. Mwaka 1935, katika mji mdogo wa Flemington, seremala Bruno Richard Hauptmann alishtakiwa kwa kifo cha mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh, aliyeibwa chumbani usiku mwaka 1932. Na nje ya nyumba mwizi alikuwa ameacha ngazi ya mbao iliyoundwa kwa mkono. Wakili wa utetezi alipinga, akidai kuwa hakuna duniani bingwa wa mbao, lakini Jaji Thomas Trenchard akamruhusu Koehler aseme.

Naye hakujitukuza kwa vyeo. Alikibana kipande cha ubao kwenye meza ya jaji, akatwaa randa iliyopatikana kwa mshtakiwa, akakipiga randa. Kisha akatandika karatasi juu yake na kuisugua kwa kalamu ya risasi, kama wafanyavyo watoto juu ya sarafu, na ile mistari iachwayo na mapengo ya makali ya randa ikajitokeza mbele ya watu 12 wa juri, wapate kuilinganisha na mistari ya ngazi. Akaeleza pia kwamba mhimili mmoja wa ngazi, uliopewa nambari 16, ulikuwa na matundu manne ya misumari yasiyo na kazi yoyote pale, nayo yaliafikiana na matundu ya maboriti ya darini kwa Hauptmann.

Wapo mpaka leo wanaoubishia ushahidi ule, na mimi nahesabu jambo hilo kuwa katika sifa zake, kwa sababu shahidi anenaye "niaminini" hamwachii mtu kitu cha kukagua, lakini huyu aliweka alama zote hadharani, na atakaye kumpinga ana mahali pa kuanzia. Bingwa wa namna hii humjibu wakili anayemdodosa kwa upole ule ule anaomjibu aliyemwita, kwani wote wawili wanasikilizwa na masikio yale yale. Na afikapo kwenye mpaka wa ilimu yake husimama. Koehler aliulizwa juu ya mbao, akajibu juu ya mbao. Suala la nani aliyeisimamisha ngazi ile chini ya dirisha lilikuwa la juri kulikata.