Tembo la Mnazi Lina Saa Zake

Wajuzi wa sake huko Japani huanza na punje ya mchele: imesuguliwa kiasi gani? Ginjo hubakiza asilimia 60 ya punje au chini ya hapo, daiginjo asilimia 50 au pungufu. Mchele ni wanga, kwa hiyo huoteshwa ukungu uitwao koji unaougeuza wanga kuwa sukari, na papo hapo hamira huigeuza sukari kuwa kilevi. Hatimaye sake nyingi hupashwa moto ili ladha itulie.

Tembo la mnazi, mwambaoni kuanzia Moa mpaka Pangani, halina kusugua punje, halina koji wala halipashwi moto. Ndiyo maana wako wanaoliona kuwa pombe ya kujitokea tu. Nawapinga. Ladha zake ni nyingi, na kila moja ina sababu inayoonekana.

Mgema hupanda kwa vidato na kutafuta karara ambalo halijapasuka. Hulifunga kwa kamba lisichanue, hulizoeza kuinama siku baada ya siku, kisha hukata ncha kwa kotama na kutundika kibuyu. Hurudi asubuhi na jioni, na kila mara huchonga kipande chembamba ili kidonda kisizibe. Akichonga kinene, karara huisha mapema. Akichelewa, utomvu hukatika. Ustadi wa mkono upo hapa, juu ya mti, ambako mnywaji hauoni.

Utomvu hudondoka ukiwa mwangavu, una sukari ya takriban asilimia 12 hadi 15. Weupe wa maziwa huja baadaye, kwa wingi wa hamira na bakteria wanaozaliana humo. Hamira hiyo hakuna aliyeitia: imo hewani, imo kwenye karara, na zaidi ya yote imo kwenye kibuyu. Tembo huanza kuchacha likiwa bado mtini. Kibuyu kilichosafishwa vizuri huchelewesha kazi hiyo, na mgema hushusha tembo tamu. Chenye masalia ya jana hushusha tembo lenye povu na uchachu tangu alfajiri.

Kufikia mchana kilevi kimepanda, na kwa kawaida hufika asilimia 4 au 5. Kesho yake bakteria wa siki wameshika usukani. Hapo wengi hukosea: tembo linalokwaruza koo huliita kali wakidhani lina kilevi zaidi, kumbe ukali huo ni wa siki, na kilevi chenyewe kimeanza kupungua.

Mwambao huu una Waislamu wengi, na wengi wao hawalinywi. Hata hivyo ufundi wake uliingia jikoni. Tembo liliumua unga kabla ya hamira ya paketi, tembo tamu lililochemshwa mapema huwa asali, na lililokaa muda mrefu zaidi huwa siki nzuri ya achari.

Gharama yake ni nazi. Karara lililogemwa halizai, na mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, kwa hiyo mwenye shamba huchagua kwa makini miti ya kumkabidhi mgema. Anayetaka kujifunza ladha hizi amuulize mgema tembo limeshushwa saa ngapi, na aombe kunusa kibuyu kabla hakijajazwa.