Sifa ya Mkono Unaoshona Jicho

Barabara itokayo Nalufenya, mjini Jinja, kwenda Mbale, hukatiza Busoga, eneo la Uganda lililosumbuliwa kwa miaka mingi na vikope. Ugonjwa huo huanza utotoni. Ukirudia rudia, kope hugeukia ndani na kuikwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, mpaka kifanye kovu jeupe. Uzeeni mtoto wa jicho, yaani kuchafuka kwa lenzi ya jicho, naye huingia. Jicho moja, mapazia mawili.

Upo upasuaji unaoyaondoa yote kwa mkupuo mmoja: konea hubadilishwa na lenzi bandia hutiwa. Umezaliwa na kazi za watu wawili. Eduard Zirm alipandikiza konea huko Olomouc mwaka 1905. Harold Ridley alianza kutia lenzi mjini London mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki vya ndege za kivita vimekaa machoni mwa marubani bila madhara.

Mimi nausifu mkono. Chini ya darubini, daktari hukata duara la konea lenye upana wa milimita 8 hivi, na jicho likabaki wazi. Lenzi iliyochafuka hutolewa, ya bandia hukaa mahali pake. Presha ikipanda wakati huo, vilivyomo ndani huweza kusukumwa nje. Kisha konea ya marehemu hushonwa, mara nyingi kwa mishono 16, kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele. Mshono mmoja ukikazwa mno, konea hupinda na mgonjwa haoni sawasawa.

Tena kazi haiishi bandeji inapofunguliwa. Nguvu ya lenzi hukadiriwa kabla mviringo wa konea mpya haujatulia, hivyo wengi huhitaji miwani. Nyuzi huweza kukaa mwaka na zaidi. Mwili nao huweza kuikataa konea hata baada ya miaka, hasa pale kovu lilipoota mishipa ya damu. Kwa hiyo kope hurekebishwa kwanza, dawa ya matone haikatizwi, na jicho likiwa jekundu, likiuma au likiingia ukungu, mgonjwa hukimbilia kliniki siku ile ile.

Hata hivyo, fundi hashoni pasipo konea ya mtu aliyeridhia kuitoa. Uganda ilipata sheria ya kuchangia viungo mwaka 2023. Msomaji, ungali hai, waambie jamaa zako uamuzi wako.