Wasifu wa mwandishi si mahali pa kuficha kwenu

Majuzi nikiwa Bungoma, mwandishi chipukizi kutoka Kitale alinipa mswada wa riwaya yake niupitie. Riwaya yenyewe inasomeka vizuri. Kilichonikwaza ni aya aliyoandika kujihusu, ya kuchapishwa kwenye jalada la nyuma: 'Yeye ni mwandishi mtajika aliyelelewa Uswahilini, Mombasa. Ana shahada, diploma na vyeti kadhaa.'

Nikamwuliza, "Mombasa uliishi lini?"

Akacheka. "Mwalimu, nilikaa likizo moja tu kwa shangazi. Lakini nani atanunua riwaya ya Kiswahili ya mtu wa Kitale?"

Tuanze na istilahi, maana wengi huzichanganya. Tawasifu ni kitabu ambamo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe. Wasifukazi ni orodha ya elimu na tajriba anayopewa mwajiri. Wasifu mfupi wa mwandishi ni kitu kingine: kwa sentensi tatu nne, unamweleza msomaji ni nani anayezungumza naye. Vyeti pekee havifanyi kazi hiyo. 'Mtajika' nalo ni neno la kuitwa na wenzako. Ukijiita mwenyewe unajitembeza, na wahenga walisema kizuri chajiuza. Hata hiyo 'Yeye ni' ni mzigo wa bure. Taja jina, kisha kitenzi kifuate: alizaliwa, anafundisha, ameandika.

Hayo ni madogo. Kosa kubwa ni Mombasa. Riwaya inaruhusiwa kubuni, wasifu hauruhusiwi. Isitoshe, uongo huu unamfunza mwanafunzi wa Kitale kwamba Kiswahili kina wenyewe, na yeye si mmoja wao.

Marehemu Ken Walibora alizaliwa Bungoma, akakulia upande wa Cherang'any, Trans Nzoia. Katika Siku Njema (1996), alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akamleta hadi Kitale kumtafuta babake. Mwaka 2014 alichapisha tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama. Katika makala za kitaaluma alitumia jina Ken Walibora Waliaula, na mwenye kamusi anajua kuwa 'aula' ni 'bora'. Majina yote mawili yalikaa pamoja bila kugombana. Je, kuna aliyekataa kumsoma kwa sababu hakuzaliwa Lamu?

Tulikaa na kijana yule tukaandika upya. Tuliweka jina lake, kisha: 'Alizaliwa Kitale, anakofundisha Kiswahili. Lugha yake ya kwanza ni Kibukusu. Hii ni riwaya yake ya kwanza.'

Akaisoma mara mbili. "Sasa ni hiyo tu, mwalimu?"

Nikamwambia inatosha. Yaliyobaki yatasemwa na riwaya.