Ukili wa Maulidi ya Mambrui

Mwezi wa Mfunguo Sita ukiandama, wageni huvuka mto Sabaki kutoka Malindi kwenda Maulidi ya Mambrui. Kando ya njia hupangwa vibanda vya halua, kashata, mabuyu, udi, tasbihi na kofia za vito. Mimi huwatafuta kwanza akina mama wenye mikeka.

Mambrui imezoea vitu vya mbali. Kaburi lake la nguzo lilipambwa kwa bakuli za Kichina za enzi ya Ming. Lakini mkeka ni wa hapa hapa. Huanzia porini, kwenye mikoma na mikindu, majani yake, yaani miyaa, yakikatwa yangali machanga, hayajakunjuka. Huanikwa mpaka yawe meupe, kisha huchanwa kwa sindano au ukucha. Uchane mmoja ukizidi upana, ukili, yaani utepe unaosukwa, hupotoka. Chane nyingine hutokoswa kwa rangi. Kabla ya kusukwa hutiwa maji kidogo, maana uchane mkavu hukatika.

Baada ya hapo ni vidole tu. Mama husuka huku akizungumza na jirani, mtoto yuko mapajani, wala haangalii mikono yake. Hapo ndipo ninapomstaajabia. Nakshi anayoisuka haikuandikwa popote: ni hesabu ya chane aliyoihifadhi moyoni, na akiruka mmoja kosa litamfuata hadi mwisho. Ukili hupimwa kwa pima, na mkeka mmoja hula pima nyingi. Kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu, uzi wa mwaa ukijificha ndani ya msuko. Ukili huo huo ukizungushwa huwa kikapu, ama kawa la kufunikia chakula.

Usiku, Maulidi yakisomwa na matari yakilia, watu huketi juu ya kazi hii. Mkeka wa miyaa hupitisha hewa. Wa plastiki hukutoa jasho. Najua wa plastiki ni rahisi, na nyumba nyingi hazina budi kuununua. Lakini haulingani na huu, na anayesema unalingana hajawahi kulala juu ya yote miwili wakati wa kaskazi.

Kinachoniuma ni mnunuzi anayemrushia mama nusu ya bei, kana kwamba miyaa ilijisuka. Ukienda Mambrui, mlipe alichotaja. Kisha mwombe, kwa adabu, binti yako aketi naye ajifunze kuchana.