Yai la Moto, Maji ya Bomba

Siku ya 13 mashine ya kutotolesha ilianza kunuka. Tulidhani panya amefia nyuma ya kabati. Jioni yai moja la trei ya juu likapasuka lenyewe, likamwaga uji wa kijani juu ya mayai ya trei ya chini. Kati ya mayai 60 ya kienyeji tuliyoingiza, walitoka vifaranga 19, na wanne kati yao vitovu vilikuwa vimevimba na kuiva usaha. Hao hawakumaliza wiki.

Kilichonikera ni kwamba hatukuwahi kutotolesha mayai safi kama yale. Ilikuwa masika, banda limejaa tope. Mpwa wangu aliyaokota saa nne asubuhi, mengine bado yana joto la tetea, akayaosha yote kwenye ndoo moja ya maji ya bomba, akayasugua kwa kitambaa mpaka yakang'aa. "Mjomba, si ulisema usafi kwanza?" Nilisema, kweli.

Yai linatagwa likiwa na joto la mwili wa kuku, nyuzi 41 hivi. Likianza kupoa, kilichomo ndani hunywea, lakini ganda halinywei. Pengo hilo lazima lijazwe, kwa hiyo hewa hufyonzwa kupitia vitundu vya ganda, na hapo ndipo inapoumbika ile nafasi ya hewa kwenye ncha butu. Vitundu vyenyewe ni maelfu. Kwa yai la kuku hutajwa 7,000 hadi 17,000. Sasa litumbukize yai la namna hiyo kwenye maji ya baridi. Linapoa ghafla, kilichomo kinanywea ghafla, na yai linakunywa kile kilicholizunguka. Katika ndoo ile yai la kwanza lilioga maji. La sitini lilioga mchuzi wa kinyesi.

Kuku naye hakuliacha yai uchi. Hulipaka utando mwembamba ambao ni mbichi yai linapotoka, ukakauka baada ya dakika chache na kuziba midomo ya vile vitundu. Kitambaa cha mpwa wangu kiliusugua ukaondoka. Ndani, ute una silaha zake za kuua bakteria, ila ni za kupambana na wachache waliopenya, si jeshi zima. Halafu tukaliweka yai hilo kwenye nyuzi 37.5, joto ambalo bakteria wa utumbo wa kuku hawana malalamiko nalo. Yai viza halikuwa ajali. Tulilipika.

(Wapo watakaouliza mbona Marekani mayai ya dukani huoshwa. Huoshwa, kwa maji ya moto, kisha huwekwa kwenye ubaridi, na ni ya kukaanga. Ulaya yale ya daraja la kwanza kwa kawaida hayaruhusiwi kuoshwa. Ubishi huo hauhusu mashine yako.)

Awamu ya pili tuliyachambua mayai kabla ya kugusa maji. Yenye doa kavu tulilikwangua kwa ukucha au msasa laini, doa tu, maana msasa nao unakula utando. Yaliyochafuka robo nzima ya ganda yalikwenda jikoni. Yalibaki machache ya jogoo wa kuazima ambayo roho ilikataa kuyaacha, na hayo ndiyo tuliyaosha: maji ya nyuzi 43, kwa kipimajoto, si kwa kukisia na kiwiko. Maji yakiwa na joto kuliko yai, kilichomo hutanuka na kusukuma nje badala ya kuvuta ndani. Tuliyamimina juu ya yai, hatukuloweka, tukatia dawa ya kuua vijidudu vya mayai kwa kipimo cha kwenye chupa, na maji ya kusuuzia hayakuwa ya baridi zaidi ya yale ya kwanza. Dakika mbili, basi. Tuliyaacha yakauke kwa hewa, bila kitambaa.

Lakini kazi kubwa ilifanyika bandani. Niliingia usiku na tochi nikakuta matetea wachanga wamelala ndani ya viota, na mahali kuku anapolala ndipo anaponyea. Uchafu wetu mwingi haukuwa tope hata kidogo. Tangu hapo viota hufungwa jioni, vichanja vimeongezwa, maranda hubadilishwa yakipata unyevu, na mayai huokotwa mara nne kwa siku badala ya moja. Kiota kimoja kwa matetea watano. Zaidi ya hapo wanagombania na kuvunja.

Yale yaliyooshwa mpwa wangu aliyatia alama ya penseli, herufi M, akayapanga trei ya chini kabisa. Likipasuka moja, halina wa kummwagikia.