Tenerife 1977: tulimhukumu komanda, tukaacha redio

Kuna ajali moja ya ndege ambayo kila mtu anapenda kuisimulia, na sisi tuliosoma njo wa kwanza. Eti komanda wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alijaa kiburi, akaondosha ndege bila ruhusa, watu 583 wakakufa. Reportaji mingi za televisheni zinamalizia pale. Tunatikisa kichwa, tunasema "wakubwa hawa!", tunabadilisha chaneli. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi.

Bon, tuone vile mambo yalipita. Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka katika kiwanja cha Las Palmas. Ndege zikapelekwa Los Rodeos, kiwanja kidogo cha Tenerife chenye pisti moja tu. Zikajaa mpaka zikaziba njia ya pembeni. Ndiyo maana Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, zilitembea juu ya pisti yenyewe, moja mbele, ingine nyuma, ndani ya wingu. Mnara hauoni kitu, na rada ya chini haiko. KLM ikafika mwisho, ikageuka. Komanda akaanza kuongeza nguvu ya injini. Msaidizi wake, Klaas Meurs, akamwambia angoje, ruhusa ya njia haijafika. Komanda akajibu: najua, omba basi.

Hapa reportaji zinakimbia, na hapa njo nataka tusimame. Kitu Meurs alipewa hakikuwa ruhusa ya kuruka. Ilikuwa maelezo ya njia ya angani: pandeni mpaka futi 9,000, mkisha kuruka mpinde kuume, mfuate mwelekeo 040 mpaka mkutane na mstari 325 wa Las Palmas. Namba zote hizo zinamfikia mtu ambaye ndege yake tayari imesimama kichwa mbele, injini zinawaka, na komanda wake eko mbioni. Jaribu mwenyewe, ndugu msomaji: mtu akusomee namba ya simu wakati uko unavuka barabara yenye mapikipiki, halafu umrudishie bila kosa. Meurs alirudisha kwa Kiingereza, ambacho hakikuwa lugha ya mama yake wala ya yule wa mnara. Kabla hajamaliza, komanda akaachia breki. Meurs akaongeza haraka kwamba sasa wako kwenye kuruka. Mnara ukaelewa: wako tayari, wanangoja. Ukajibu "OK", kisha ukawaambia wangoje, utawaita. Palepale Pan Am nao wakaingia kusema bado wako kwenye pisti. Sauti mbili zikagongana hewani. Ndani ya KLM wakasikia "OK" na mluzi.

Tangu mnara uanze kusoma ile ruhusa mpaka ndege zigongane, haikutimia dakika moja.

Kiburi kilikuwako, sikatai. Fundi mitambo Willem Schreuder aliuliza kama Pan Am bado haijatoka. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, akanyamaza. Lakini ripoti ya Wahispania yenyewe ina jambo ambalo watengeneza filamu hawalipendi, labda juu halina sura mbaya ya kuonyesha: van Zanten alikuwa mkubwa wa mafunzo, na kwenye mashine ya mazoezi mwalimu njo anajifanya mnara, anajipatia ruhusa mwenyewe. Waholanzi kwa upande wao waliweka uzito juu ya maneno ya redio ambayo kila upande uliyaelewa kivyake. Ukisoma pande zote mbili, yule "mtu mbaya" anapungua, na ile karatasi ya namba iliyofika dakika ya mwisho inakuwa kubwa.

Leo mwongozo wa redio wa OACI unasema ruhusa ya njia ipewe, ikiwezekana, kabla injini haijawashwa, na isipewe hata kidogo rubani akiwa anaingia pisti au anaruka. Neno la kuruka nalo limefungwa: linatamkwa tu wakati ruhusa yenyewe inatolewa, ao inafutwa. Lakini mabadiliko hayajaisha. Upepo unageuka, mnara unabadilisha pisti, na marubani wanapaswa kuhesabu upya kasi za kuruka, mabawa, nguvu ya injini, na kupanga kompyuta mara ya pili. Ekipe nzuri inasimama, inafunga breki, inaomba muda. Sisi kwenye viti vya nyuma njo tunaanza kulalamika, tunapiga simu: "hawa watu hawako serieux".

Ningependa siku moja kuona reportaji inayokaa kwa Meurs peke yake, tangu namba ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa muda uleule zilichukua, bila muziki na bila sauti ya msimulizi kutuambia nani ni mkosaji.